Nani Huyu Amepoteza Kura?

Jioni ya Januari 14, 2021, siku ya uchaguzi wa rais wa Uganda, tulisimama kwenye uwanja wa kituo chetu cha kupigia kura hapa Busia, mpakani na Kenya, barakoa tumezishusha kidevuni, kila mtu akihesabu kwa njia yake. Kwetu kura huhesabiwa palepale zilipopigwa, mbele ya macho ya watu, na nadhani hilo ndilo jambo ambalo mtaa wetu bado unalipenda katika uchaguzi. Msimamizi wa kituo aliinua kila karatasi juu ya kichwa, akaizungusha huku na huku ili wote waione, kisha akasoma jina. "Museveni." Upande mmoja, wa Rais, ukashangilia. "Kyagulanyi." Upande wetu, wa huyo mwanamuziki ambaye wengi humwita Bobi Wine, ukajibu kwa kelele kubwa zaidi. Giza likaanza kuingia, mtu akawasha tochi ya simu. Intaneti ilikuwa imezimwa tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa hiyo simu zetu zilibaki na kazi hiyo moja ya kumulika. Ndipo akainua karatasi moja, akaitazama muda mrefu kuliko zilizotangulia, akasema: "Muntu."

Watu wakaangua kicheko, maana mgombea huyo hakuna aliyemtarajia kupata kura kwetu. Kijana mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Nani huyu amepoteza kura?" Na mimi nilicheka pamoja nao.

Wakati wa kurudi nilifuatana na mzee jirani yangu, askari mstaafu. Kiswahili chake cha kambini ndicho kilichotufanya marafiki, maana na mimi nilikulia kambini, mtoto wa askari, na hapa Uganda ukikutana na mtu anayeota ndoto kwa Kiswahili unamshika. Mzee hakusema neno mpaka tulipofika kwenye geti lake. Akashika komeo, akasema bila kunitazama: "Ile ya Muntu ni yangu, mwalimu." Akaingia ndani.

Januari 15, 2026 tunapiga kura tena. Kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima, sijui nitasema nini watu wakiniuliza niko upande gani. Naandika haya kabla ya siku hiyo, ili nijue.

Nilizaliwa mwaka 1977. Uchaguzi wangu wa kwanza ulikuwa wa 1996, na nilimpigia Museveni kwa moyo mweupe. Marehemu baba alikuwa amezika wenzake wengi mno katika serikali zilizotangulia, na kwake mtu aliyefanya watu walale usiku mzima alistahili kura bila mjadala. Katiba ya 1995 ilikuwa bado mpya kabisa, nayo ilisema rais ana mihula miwili tu. Mwaka 2001 nikampigia tena, kwa sababu ilani yake yenyewe iliandika kwamba huo ungekuwa muhula wake wa mwisho. Niliisoma kwa macho yangu. Nilikuwa mwalimu kijana, nikawaambia wanafunzi wangu kwamba tutaona rais wa kwanza wa Uganda akikabidhi madaraka kwa amani.

Mwaka 2005 Bunge likaondoa ukomo wa mihula. Desemba 2017 likaondoa na kikomo cha umri wa miaka 75, baada ya askari kuingia ndani ya ukumbi wa Bunge mwezi Septemba na kuwatoa wabunge kwa nguvu. Sina haja ya kueleza zaidi jinsi nilivyovunjika moyo. Kila anayefundisha historia katika nchi hii anajua ugumu wa kusimama mbele ya darasa, ukaandika ubaoni ile Programu ya Nukta Kumi ambayo Museveni aliingia nayo madarakani 1986, nukta ya kwanza demokrasia, ya saba kuondoa rushwa, halafu mtoto akanyoosha mkono.

Kwa hiyo tangu 2006 nimekuwa mpinzani. Kizza Besigye, aliyekuwa mpinzani mkuu wa Museveni, mara tatu, 2006, 2011 na 2016, halafu Kyagulanyi 2021. Kura nne. Sasa nikizitazama zote nne naona zilikuwa na maana moja: aondoke. Ukiniuliza ilani ya Besigye ya 2011 ilisema nini kuhusu shule za sekondari, siwezi kujibu, kwa sababu sikuifungua. Sikuona haja. Nilijua ninayemkataa, nikadhani hiyo inatosha kuitwa siasa.

Mzee jirani yangu alinirudisha kwenye jambo hili mara moja tu, miezi kadhaa kabla hajafariki. Tulikuwa kwake tunakunywa chai. Nikamuuliza kwa nini alimpigia Muntu akijua hatashinda. Akajibu taratibu: "Mwalimu, kila miaka mitano mnaniuliza namkataa nani. Mimi nilitaka kuulizwa namtaka nani."

Basi mwaka huu, shule zilipofungwa, nimekaa kusoma. Wagombea wako wanane. Sitajifanya nimewapima wote kwa mizani moja.

Nianze na Rais, kwa haki. Kaulimbiu yake ni kulinda mafanikio, na mafanikio yapo. Barabara ipo. Mtoto wa jirani yangu maskini aliingia darasa la kwanza kwa sababu ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa 1997. Na Mpango wa Maendeleo wa Parokia uliozinduliwa Februari 2022 umefika mpaka uani kwetu. Kila parokia, ambayo kwetu ni eneo la utawala na si la kanisa, inapewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, kila mnufaika anakopa milioni 1 kwa riba ya asilimia 6. Mama mmoja nyuma ya nyumba yangu alipata, akanunua kuku. Kabla ya hapo hakuwahi kushika milioni moja mkononi, na siku alipoichukua alikuja kunionyesha ujumbe kwenye simu, akaniomba nimsomee mara mbili. Siwezi kumwambia mama huyo kwamba fedha ile ni propaganda.

Lakini piga hesabu. Milioni 100 ni watu 100. Parokia yetu ina maelfu ya watu. Kwa nchi nzima, yenye parokia zaidi ya 10,000, ni zaidi ya trilioni moja kila mwaka, na baada ya kuku kununuliwa swali linabaki palepale: watauzwa wapi, kwa bei gani, na nani atamlipia mama huyo karo ya mtoto wa sekondari? Mkono uleule unaotoa ndio ulioleta ushuru wa fedha za simu mwaka 2018. Mke wangu anafanya biashara ya dagaa, yaani mukene kwetu na omena wakivuka upande wa Kenya, samaki mmoja majina matatu, na malipo yake mengi hupita kwenye simu. Ushuru ulianza kwa asilimia 1, ukashushwa hadi nusu asilimia kwa anayetoa fedha. Nusu asilimia husikika ndogo mpaka uitoe kila siku kwenye mtaji usiofika hata milioni mbili.

Na kuna jambo la walimu. Hili nitalikalia, maana ni langu.

Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Sisi wa masomo ya sanaa tukabaki tulipokuwa, hatufiki hata nusu yake. Hoja ya Rais haijifichi: wanasayansi ndio watakaojenga viwanda, waanze wao, sisi tutafuata hali ikiruhusu. Mwaka uleule, mwezi Julai, Baraza la Mawaziri likaridhia Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020, Kiswahili kilikuwa tayari cha lazima kidato cha kwanza na cha pili. Kwa maneno mengine, nchi imeniambia mimi mwalimu wa historia na Kiswahili kwamba ninachofundisha ni cha lazima, na mimi ninayekifundisha naweza kusubiri.

Mwenzangu wa fizikia tunashirikiana meza moja na birika moja la chai. Tulianza kazi pamoja. Mwezi ule mshahara mpya ulipoingia alikuja asubuhi na mfuko wa sukari wa kilo mbili na mikate, akaviweka mezani bila kusema neno, na hakuweza kunitazama usoni. Mimi pia nilishindwa la kusema. Hakuna kati yetu aliyekosa. Lakini tangu siku ile hatujawahi kuzungumza habari za fedha, sisi ambao tulikuwa tukikopeshana nauli. Walimu wa sanaa waligoma 2022, wakagoma tena 2025. Sitaki mshahara wa mwenzangu upunguzwe. Nataka mtu anieleze jinsi nchi inavyoweza kufundisha watoto kuwa raia kwa kuwadharau wanaofundisha historia, dini na lugha.

Sasa Kyagulanyi. Kura yangu ya 2021 siijutii. Novemba 2020 alipokamatwa akiwa kwenye kampeni, watu 54 au zaidi waliuawa ndani ya siku chache, na mimi nilijiambia kwamba asiyempigia kura mtu huyu anakubaliana na risasi zile. Bado ninaamini ujasiri wake ni wa kweli. Vijana niliowafundisha, ambao hawakuwahi kujali chochote zaidi ya mpira, walijiandikisha kwa sababu yake. Hilo si dogo. Anasema atarudisha ukomo wa mihula, atapambana na rushwa, atawafungua wafungwa wa kisiasa. Naunga mkono yote matatu.

Shida yangu ni baada ya hapo. Ninaposoma ahadi kuhusu ajira, mishahara na hospitali, natafuta mahali panaposema fedha zitatoka wapi, kipi kitapunguzwa kwanza, nani atakasirika. Nchi inadaiwa zaidi ya shilingi trilioni 100. Bajeti ya mwaka wa fedha 2025/26 ni trilioni 72, na sehemu yake kubwa inaenda kulipa madeni. Bunge lina wajumbe zaidi ya 500. Wilaya zilikuwa 33 mwaka 1986, leo zimezidi 130, na Busia yetu yenyewe ilikatwa kutoka Tororo 1997. Yeyote atakayeingia Ikulu atakuta hesabu hiyo mezani. Ninamwona Kyagulanyi akieleza vizuri sana tunakotoka, na ninatamani angetumia nusu ya muda huo kueleza siku 100 za kwanza. Na naogopa kitu kingine, nikiseme wazi: chama kinachosimama juu ya jina la mtu mmoja tumeshakiona. Tunaishi ndani yake tangu 1986.

Nandala Mafabi ni mtu wa huku mashariki, wa Bugisu, mjuzi wa hesabu na wa ushirika wa kahawa, na anazungumza uchumi kuliko wote. Ningemfikiria zaidi kama chama chake, FDC, ambacho Besigye aliwahi kukiongoza, kisingepasuka 2023 kwa ugomvi uliohusu fedha za kampeni za 2021. Walioondoka waliondoka na imani yangu.

Nabaki na Muntu. Meja Jenerali mstaafu Mugisha Muntu aliongoza jeshi la nchi hii kuanzia 1989 hadi 1998. Angeweza kubaki mezani akala. Akaenda upinzani. Alikaa katika Bunge la Afrika Mashariki, akaongoza FDC kuanzia 2012 hadi 2017, akashindwa uchaguzi wa ndani, na mwaka 2018 akaondoka kuanzisha chama chake, ANT (Alliance for National Transformation). Ubishi wake na wenzake tangu zamani ni ule ule: wao walitaka mapambano ya barabarani, yeye anasema jengeni matawi, jengeni watu, fundisheni nidhamu, maana mkiingia madarakani na tabia zile zile mtageuka wale wale. Nilipokuwa na miaka 35 hoja hiyo iliniudhi. Niliiona ya mtu asiye na haraka kwa sababu hana njaa. Leo nina wanafunzi ambao wamekuwa madiwani wa vyama vyote, na nimeona kwa macho jinsi kijana wa upinzani anavyojifunza kununua kura kwa sukari na sabuni ndani ya msimu mmoja. Muntu alilisema hilo kabla yangu.

Mapungufu yake yanajulikana. Haamshi umati. Mwaka 2021 hakufikisha asilimia 1. Mikutano yake huku kwetu ungeweza kuihesabu kwa vidole, na mtu anayehubiri matawi anapaswa kuwa na tawi Busia ambalo mimi mkazi nimewahi kuliona. Hilo nalisema kwa masikitiko.

Lakini hoja inayotumika kumwondoa mezani haihusu mapungufu yake. Inasema: ukimpigia Muntu umempigia Museveni. Hoja hii niliiamini miaka yote, nimeitumia kuwanyamazisha watu, na aliyeibomoa ni mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Ilikuwa muhula wa tatu, somo la Historia na Elimu ya Siasa, mada ni ibara ya 103 ya Katiba. Inasema mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura halali zilizopigwa. Asipopatikana, wawili wa juu wanarudi kwa wananchi ndani ya siku 30. Darasani sitaji majina ya wagombea, hilo ni sharti nililojiwekea, kwa hiyo niliandika A, B na C. Wapiga kura 100. A kapata 52, B 40, C 8. Binti mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, wale 8 wa C wakienda wote kwa B, inakuwaje?" Tukaandika: A 52, B 48. A ameshinda vilevile. Tukafuta. A 49, B 40, C 11. Duru ya pili. Tukawahamisha wale 11 wote kwa B: 51, B ameshinda papo hapo. "Kwa hiyo hapo C ameharibu," akasema mvulana mmoja. Binti akasema, "Hajaharibu, amechelewesha. Wanarudi wawili, wale 11 wanachagua tena."

Halafu akaja mbele, akachukua chaki bila kuomba, akaandika mfano wake mwenyewe. A 49, C 11, na wale 40 wa B, kumi wamekata tamaa wakabaki nyumbani, wamebaki 30. Jumla 90. Akagawa. Asilimia 54. A ameshinda duru ya kwanza bila kuongezewa hata kura moja.

Darasa lilinyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani, nikawaza nchi yangu yote iko katika namba ile. Mwaka 2021 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 18. Museveni alitangazwa na kura kama milioni 6, asilimia 58. Waliobaki nyumbani walizidi milioni 7. Tulikuwa tukimkaripia yule mzee wa karatasi moja, na milioni 7 hatukuwaona.

Najua kuna jibu. Watanijibu kwamba hesabu ya ubaoni inadhani kura zinahesabiwa kwa uaminifu mpaka juu. Wako sahihi kuhofu. Mahakama ya Juu ilikubali 2001 na tena 2006 kwamba sheria za uchaguzi zilivunjwa, lakini walio wengi, majaji 3 kwa 2 mara ya kwanza na 4 kwa 3 mara ya pili, wakasema matokeo hayakuathiriwa kiasi cha kufutwa. Pengo likiwa kubwa mlango unafungwa. Na 2021 kulikuwa na vituo zaidi ya 34,000, kila kimoja kikihitaji mawakala wasionunulika wa kukaa na kusaini fomu za matokeo. Chama kikubwa cha upinzani, cha Kyagulanyi, kina watu hao kuliko Muntu, sibishi. Kwa hiyo nitafanya lile ninaloweza: siku hiyo, baada ya kupiga kura, nitasimama pale uwanjani mpaka karatasi ya mwisho isomwe, na nitahesabu za Kyagulanyi kwa makini yale yale nitakayohesabu nayo ya kwangu.

Maana nimeshaamua. Mzee jirani alizikwa 2023. Ile karatasi moja haitakuwemo sandukuni mwaka huu nisipoiweka mimi.

Juzi usiku nilimwambia mke wangu. Alikuwa ameketi mkekani anapanga madeni ya mukene katika daftari lake, taa ya sola imening'inia juu ya kichwa. Yeye ni wa Kyagulanyi tangu mwanzo, bila kuyumba.

"Baba Amina," akasema, "wewe unataka mtu mzuri. Mimi nataka mtu wa kushinda."

Nikamwomba kalamu. Nyuma ya daftari, chini ya orodha ya wanaodaiwa, nikamwandikia ile hesabu ya binti: 49, 11, 30, jumla 90. Mke wangu hakumaliza shule lakini asilimia anazijua kuliko mimi, zimemla miaka mingi mpakani. Akaangalia muda mrefu.

"Kwa hiyo wanaotuua ni hawa kumi waliolala," akasema.

"Hao."

"Dada yangu ni mmoja wao. Anasema hatoki nyumbani mwaka huu. Kesho nakwenda kwake." Akapiga mstari chini ya ile 54, mara mbili, karatasi ikakaribia kuchanika. Kisha akageuza ukurasa akarudi kwenye madeni yake. "Na duru ya pili ikija, Baba Amina?"

"Ikija, tutapanga foleni pamoja."

"Nitakuamsha saa kumi alfajiri," akasema, akaendelea kuandika.